Muzee Ntamuhanga Anakubali Kusema

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, katika mwezi wa nne wa mwaka ule ambao mlima ulimwaga moto wake katikati ya mji, Muzee Ntamuhanga aligeuza uso kutoka ukutani na kusema kwamba amekubali. Naijua saa hiyo kwa sababu Sista mkuu alitazama saa yake ya mkononi, kama mkunga anayetaka kukumbuka mtoto ametoka wakati gani, kisha akasema tumshukuru Mungu. Tulimshukuru. Mimi niliyekuwa nimesimama kati ya kitanda na Mama Beatrisi, nikiyageuza maneno ya Kinyarwanda kuwa Kiswahili, nilishukuru kuliko wote, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nyumba nzima ifurahie jambo lililopita kinywani mwangu.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Beatrisi hapa Goma, mji ukiwa tena mikononi mwa watu wenye bunduki, na kaburi lenyewe likachimbwa kwa haraka kwa sababu hakuna aliyetaka giza limkute barabarani. Mtu aliyepewa neno alisema marehemu alikuwa na kipaji cha kufungua vinywa vya wazee, kwamba hapakuwa na mzee aliyemkatalia. Watu waliitikia. Sisemi kwamba mtu huyo alidanganya. Alisema lile linalosemwa makaburini. Lakini Mama Beatrisi mwenyewe asingelipenda. Alikataliwa sana, na alijifunza kazi yake kwa kukataliwa. Na yule mmoja aliyemkubalia kila kitu kwa siku moja, ndiye aliyekaribia kumwachia maiti. Naandika mambo yalivyokwenda, kwa mpangilio, kwa sababu tuliokuwepo tumebaki wachache.

Nyumba ya wazee ilikuwa Keshero, si mbali na ziwa. Kuta zake zilikuwa za mbao, juu ya msingi wa mawe meusi ya volkano, kama nyumba nyingi za mji huu. Chumba cha wanaume kilikuwa na vitanda vinane na dirisha moja, na harufu tatu ambazo sikuzizoea kamwe: blanketi zenye unyevu, dawa ya kuchua magoti, na moshi wa jiko langu uliopenya katikati ya mbao. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipika maharagwe, sombe ya majani ya muhogo na bugali, na sambaza, dagaa wa ziwani, siku masista walipopata pesa. Na kwa kuwa nilikuwa mwenyeji wa Rutshuru, wanakosema Kinyarwanda, niliyekulia mjini, niliwafasiria wasiojua Kiswahili cha kutosha. Wengi walikuwa wameletwa baada ya lava. Walikuwa watu waliokwisha kukimbia vita mara mbili au tatu kabla ya kukimbia moto, na sasa walikaa kwenye vitanda vyao mikono juu ya magoti, kama abiria wa gari lililoharibika ambao hakuna aliyewaambia litatengenezwa lini. Ardhi ilikuwa bado ikitetemeka. Sufuria zilikuwa zikigongana zenyewe rafuni, na hakuna mzee aliyeinua kichwa.

Mama Beatrisi alikuwa mwanasaikolojia kutoka Bukavu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini. Alikuja mwezi wa pili na alichosema kilikuwa rahisi: wazee hawa wana ugonjwa wa huzuni, si uzee tu, na ugonjwa huu una dawa ambayo ni kusema na kusikilizwa, mtu na mtu, mara kwa mara. Sista alimtolea stoo ya unga. Wakaweka meza, viti viwili, na mlango wenye komeo, kwa sababu Mama Beatrisi alifundishwa kwamba bila faragha hakuna anayesema ukweli. Wa kwanza kuitwa alikuwa Muzee Salumu, mtu wa Maniema aliyeendesha malori maisha yake yote, Mwislamu pekee katika chumba cha wanaume, mvutaji wa sigara, na mwenye ulimi. Alifika mlangoni, akatazama ndani, akabaki nje.

“Meza moja, biti mbili, mulango wa kufunga, na mutu wa kuuliza,” alisema. “Mama, hii chumba ninaiyuwa. Ya mwisho ilibakia na meno yangu mbili.”

“Papa Salumu, hapa hakuna mutu wa kukupiga. Unasema tu yenye iko ndani ya roho.”

“Hata wale walianzaka vile. Walinipatia na chai.”

Waliokuwa nyuma yake walicheka, kisha wakatawanyika mmoja mmoja, na siku ile hakuna aliyeingia. Hicho ndicho Mama Beatrisi hakukijua, na nani angemfundisha? Katika mji ambao waasi wa leo wameketi katika ofisi za waasi wa jana, chumba chenye meza na mwulizaji kina maana moja tu. Mama mmoja wa Kihunde alijaribu, kwa heshima. Mama Beatrisi alimwahidi kwamba neno lolote litakalosemwa mle litabaki mle. Upande wa pili wa mbao, jikoni kwangu, mtu akakohoa, na mwingine akauliza chumvi iko wapi. Yule mama alishukuru, akatoka. Baadaye nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba yeye huungama kwa padri, na padri haandiki.

Haikuwa hofu ya wajinga. Mwanzoni mwa mwezi wa nne watu wawili wa utawala wa wakati ule, wenye jaketi za ngozi, walikuja kumwuliza Sista ni nani huyu mwanamke anayewauliza wazee waliona nini vitani. Walikunywa soda, wakasifu maua, wakaondoka bila kuonyesha kwamba wamejibiwa. Tangu siku hiyo Mama Beatrisi hakuleta tena kalamu, na kila mtu alisema kwa sauti ndogo, hata aliyeomba maji.

Mtu aliyemnyima usingizi alikuwa Muzee Ntamuhanga. Alikuwa mfugaji wa Masisi, mrefu, wa miaka sabini hivi. Ng'ombe walikwisha katika vita vya kwanza. Yeye na mke wake waliteremka mjini, wakapanga chumba cha mbao katikati, na lava ikapita pale. Yeye alipatikana Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, ameketi kando ya barabara. Hatukujua zaidi ya hapo. Alilala ameelekea ukutani. Nilikuwa nikimwekea sahani na kuichukua vilevile, juu ya maharagwe pameganda ngozi. Siku moja jikoni, nikiosha sahani hiyo, Mama Beatrisi aliniambia: “Bahati, huyu muzee anataka kufa. Hasemi, lakini ni hiyo anataka. Kama hatupate namna ya kumusikiliza, atatushinda.” Kwa hiyo kila Jumanne na kila Ijumaa tulisimama kando ya kitanda chake, naye akauliza, nami nikafasiri, na ukuta ukasikiliza.

Halafu akakubali. Alikubali kwa masharti, na alinisubiri niyafasiri moja moja. La kwanza: si ndani, ni nje, mahali ambapo hakuna sikio. Nyuma ya vyoo palikuwa na kishimo kipana cha mawe ya zamani, kinachomfikia mtu kifuani, ambamo masista walikuwa wakimfunga mbuzi wao; alitaka hapo. La pili: asubuhi mapema, upepo wa ziwani haujaamka. La tatu: hakuna viti; kwao maneno mazito husemwa watu wakiwa wameketi chini, juu ya mkeka. Na la nne: yeye atangulie peke yake kidogo, akusanye maneno yake, sisi tumfuate. Mama Beatrisi alikuwa na machozi. Kila sharti lilikuwa na sababu nzuri, na baadhi ya sababu hizo tulimtafutia sisi wenyewe: bila shaka nje, tangu wale wa jaketi; bila shaka chini, ndivyo wazee wa Masisi wanavyokaa. Siku ile alikula. Alimaliza ndizi na maharagwe, akaomba kunyolewa, na kwa kuwa shati lake lilikuwa limechanika, akamwomba Muzee Salumu shati lake jeupe la Ijumaa. “Mutoto wa batu anaenda kuoa,” Salumu alisema, akimpa. Chumba kizima kilicheka. Hata mimi, hadi leo, nikikumbuka uso ule ulionyolewa, kwanza naona uso wa mtu aliyepona.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa na baridi, na moshi wa jiko ulipanda wima. Nilimwona akipita na mkeka chini ya kwapa. Mama Beatrisi alikuwa bado njiani kutoka Ndosho, kwa miguu, na kizuizi cha askari kilimchelewesha. Yaliyotokea kabla sijafika niliyapata kwa Muzee Salumu, ambaye aliyasimulia mara nyingi na hakuyabadilisha. Masista walimkataza kuvuta ndani, kwa hiyo kila asubuhi baada ya sala alikuwa akitoka hadi nyuma ya vyoo. Alimwona mwenzake ameketi kishimoni, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja. Akamtania kutoka juu: bibi harusi hajafika? Hakujibiwa. Akawasha sigara na kuteremka ili wakae pamoja. Akiwa amesimama, sigara iliwaka. Alipochutama kumpa mwenzake avute, ilizimika. Akapiga kiberiti cha gesi: cheche, hakuna moto. Akasimama, akapiga: moto. Akachutama tena: hakuna.

Kila mtoto wa upande huu wa mji anajua mazuku. Ni hewa isiyoonekana inayotoka ardhini na kutulia mahali palipoinama kama maji katika bakuli, ikiua kinacholala humo, mbuzi, mbwa, mtoto anayecheza, kabla ya jua na upepo kuitawanya. Miaka mingi baadaye, katika vitabu nilivyojisomea peke yangu, nilijua ni gesi gani, kwa nini ni nzito kuliko hewa, na kwa nini haina harufu ya kumwonya mtu. Lakini kishimo kile hakikuwahi kuwa na mazuku. Mbuzi alilala humo miaka yote. Ndiyo maana hatukuwaza. Mlima ulipopasuka ulifungua nyufa mpya chini yetu, na mbuzi ambaye angetuonyesha alikuwa ameuzwa Gisenyi siku za kukimbia. Muzee Ntamuhanga, ambaye alichunga wanyama tangu utotoni, aliona kutoka njia ya choo kile ambacho sisi wenyeji hatukukiona: ndege wawili wadogo chini ya jiwe, na panzi ambao hawakuruka.

Salumu aliita jina langu. Nilifika nikiwa na mwiko mkononi. Muzee Ntamuhanga alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima, ingawa hakuwa amejitikisa, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. “Usipumue huku chini,” Salumu aliniambia. “Madereva walilalaka chini ya lori kwa njia ya Sake, asubuhi tunawavuta kwa miguu. Kamata mukeka.” Tulimvuta pamoja na mkeka, kichwa chake kikigonga mawe, mimi nimeziba pumzi mpaka macho yakaona nyota. Salumu alianguka kwa magoti juu ya ukingo na kutapika. Nakumbuka kwamba kutoka kanisani kwa masista ulisikika wimbo wa asubuhi.

Tulimweka jikoni karibu na moto, kwa sababu alitetemeka. Salumu aliketi juu ya gunia la makaa mbele yake, na alipopata pumzi, alisema kile ambacho hakuna kitabu cha Mama Beatrisi kingemruhusu kusema.

“Unaenda kufa na shati yangu?”

Muzee Ntamuhanga alimtazama. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la ng'ombe, cha bei na rangi. “Ningebaambia bakurudishie,” alisema.

“Ya mufu ninavaa wapi? Musikitini? Umenyoa, umekula ndizi ya batu, umedanganya ule mama mutoto wa batu. Ungemungojea hapo chini, eh? Akuje akae pembeni yako, naye akufe?”

“Hapana. Nilisema mimi kwanza. Bao bakuje nyuma.”

“Mufugaji mwenye adabu,” Salumu alisema, na akaanza kulia, bila kujificha, akiendelea kumtukana. Wazee wengine walikuwa wamefika mlangoni. Mama Beatrisi aliwapita akiwa na vumbi hadi magotini, akatazama mkeka, akatazama kiberiti mkononi mwa Salumu, na nikamweleza. Yeye ndiye aliyesema ndiyo kwa kishimo. Alikaa chini palepale, juu ya kuni. Mlango ulikuwa wazi, watu sita walikuwa wakisikiliza, maharagwe yalikuwa yakiungua, na hakukuwa na hata sharti moja la kazi yake lililotimia. Hapo ndipo Muzee Ntamuhanga alipoanza kusema Kinyarwanda, akimtazama Salumu asiyekielewa, nami nikafasiri.

Mke wake aliitwa Nyirakamana. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kutembea. Siku ya moto, watu walipoanza kukimbia, muzee alimwambia: ningoje, natafuta mwenye chukudu akubebe. Alipata chukudu, mkokoteni ule wa mbao wa magurudumu mawili, na kijana wa kuusukuma, wakashuka mbio. Walipofika kwenye kona, barabara ilikuwa imekatika, na kile kilichoikata kilikuwa kikitembea polepole, hatua ya mtu mzee. Kijana wa chukudu alimbeba yeye badala ya mke wake, kwa nguvu, na hakumwomba malipo. “Nilimwambia aningoje,” alisema. “Hajui kwamba barabara ilikatika. Bado ananingoja. Na sasa pale juu yake mtu anajenga duka.”

Nilipofasiri maneno hayo, yule mama wa Kihunde, aliyeikimbia stoo, aliingia na kuondoa sufuria motoni. Mama Beatrisi aliuliza swali moja tu: duka hilo liko wapi?

Ijumaa Mama Beatrisi alimwomba wakutane tena jikoni, wazungumze zaidi. Muzee Ntamuhanga alikataa. Alisema jikoni kuna moshi, kwamba Bahati anapika vibaya, kwamba hataki kumzungumzia maiti mbali na mahali maiti alipo. Sista alisikitika. Mama Beatrisi alitoka nje akitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu Jumatano, na aliniambia neno ambalo nimelirudia kwa vijana wanaofanya kazi hiyo sasa katika mahema ya wakimbizi: “Leo anagombana na sisi. Jumanne alikuwa anatuaga.” Simaanishi kwamba kila mzee anayekubali anaficha kifo. Ila mtu aliyefunga mdomo miezi mitatu akikukubalia kila kitu kwa siku moja, chunguza amekukubalia nini.

Tangu hapo tulimpeleka mjini, kwenye duka lile, mara mbili kwa wiki, mimi au Salumu, na Mama Beatrisi alipoweza. Lava ilikuwa imepoa juu, lakini mvua ikinyesha ilitoa mvuke. Duka lilikuwa la mbao mpya, la mwanamke kijana aliyeuza unga na sabuni. Tulipomwomba amruhusu muzee akae mlangoni, aliogopa kwamba muzee amekuja kudai kiwanja; siku zile watu wengi walidai viwanja vilivyokuwa vimezikwa.

“Muzee, uko na parseli hapa?” alimwuliza.

“Niko na bibi hapa.”

Alituangalia sote, kisha akasema mtu wa namna hii anafukuza wateja, na kama anataka kukaa, atalipa faranga hamsini kila anapokaa. Salumu alimwita mwizi, akalipa. Baadaye alizipata hizo pesa kwa kuuza sigara moja moja. Muzee Ntamuhanga alikaa juu ya gogo na kuzungumza, wakati mwingine nasi, wakati mwingine na aliyekuwa chini. Alimweleza kuhusu kona, kuhusu chukudu, kuhusu Gisenyi. Wengine nyumbani walianza kusema pia, jikoni, kwa zamu zisizo na mpango, mikono ikichambua maharagwe. Wengine hawakusema kamwe. Stoo ilirudishiwa unga. Wale wa jaketi walirudi mara mbili. Juu ya mlima wingu jekundu halikuondoka mwaka mzima, na kila ardhi ilipotikisika, niliwatazama wazee, na nilimwona yeye akiinua kichwa.

Kifua kilimkamata Muzee Ntamuhanga mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa nyingi. Katika wiki yake ya mwisho aliomba dawa kabla ya saa yake, na alipoambiwa asubiri, alikasirika. Alikufa mchana, Salumu akiwa kando.

Matanga yalifanyika uani kwa masista, chini ya shitingi, turubai la plastiki. Siku ya pili mwanamke wa duka alikuja, amefunga kitambaa kichwani. Hakuketi. Alifungua pindo la kikwembe, kitenge alichovaa, mbele ya bakuli ambamo watu walikuwa wakiweka mchango, akatoa fungu la noti za hamsini, nyingine zikiwa bado na vumbi jeusi.

“Ni ya muzee,” alisema. “Ile ya kukaa. Sikuikulaka. Pesa ya kukaa juu ya mufu, ningenunua nayo nini?”

Salumu alimpa nafasi kwenye mkeka, na safari hii akaketi. Kisha fungu likahesabiwa mbele ya watu wote, kama desturi inavyotaka. Lilikuwa faranga elfu tatu mia tano na hamsini.